KUJITUNZA WAKATI WA HABARI ZA VITA NA SIASA
(Somo kwa wanafunzi na walimu)



Leo tunaleta somo ambalo halimo katika programu ya masomo, lakini linaingia katika kila darasa bila kupiga hodi. Ni somo la habari. Habari za vita, za siasa, za maandamano, za watu waliokimbia. Tunazipata kwa radio, kwa telefoni, sokoni, hata kwenye foleni ya maji. Wengi kati yetu tuna jamaa Goma, Bukavu, Masisi, Bunia. Kwa hiyo habari hizi si za mbali. Ni za nyumbani.

Tutatazama mambo matano: dalili tunazoziona, kazi ya habari mbaya katika mwili, namna ya kupokea habari, namna ya kujitunza kwa wale wanaopigania haki, na namna ya kumtunza mwenzetu.

1. TUNAONA NINI KATI YETU?

Mwisho wa mwezi wa Januari 2025 askari wa M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Tarehe 27 Juni 2025 wajumbe wa Kongo na wa Rwanda walitia sahihi mapatano kule Washington, watu wakashangilia. Halafu tukasikia tena kwamba bunduki zinalia. Moyo unapanda asubuhi, unashuka magaribi. Ukipanda na kushuka hivyo mwezi kwa mwezi, unachoka.

Uchovu huo unaonekana. Mwanafunzi analala juu ya deski kwa sababu usiku mzima alikuwa anafwata habari. Mwingine anasogeza sahani ya bugali, anasema hana njaa. Mwingine alikuwa mpole, sasa neno dogo tu linamwasha moto. Mwingine anauliza: «Nisome juu ya nini, na inchi iko inakufa?» Hilo si ulizo la mvivu. Ni ulizo la mtu anayeumia, nasi tunapashwa kulijibu.

Kuna jambo moja tena, baya kupita hayo. Darasani yuko mwenzetu ambaye uso wake, au jina lake, au luga ya mama yake inafanya watu wamtazame vibaya kila mara habari mbaya inapofika. Tutalirudilia jambo hilo mbele.

2. HABARI MBAYA INAFANYA NINI KATIKA MWILI?

Wanafunzi wa biolojia wanajua kwamba juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mtu akiona hatari, ubongo unatuma amri, na tezi hizo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linaacha kazi yake. Nyuma kidogo inatoka dawa nyingine ya mwili, inaitwa kortisoli, inayofanya sukari ipatikane kwa wingi katika damu. Ni mpango mzuri sana. Ukikutana na nyoka njiani, mpango huo unakuokoa: unakimbia, nyoka anabaki, nusu saa baadaye mwili umetulia.

Shida ni hii: mwili hautofautishi vizuri nyoka wa njiani na nyoka wa telefoni. Ukiona picha ya maiti, moyo unapiga mbio vilevile, lakini huna pa kukimbilia. Umelala kitandani. Dakika tano zinapita, picha nyingine inaingia. Kengele ya hatari inalia usiku kucha. Mwili ukikaa hivyo siku nyingi, usingizi unakatika, tumbo linauma, kichwa kinauma, na kukumbuka masomo kunakuwa kazi ngumu. Kwa hiyo yule anayesahau kanuni za kemia si lazima awe mpumbavu. Pengine amechoka tu.

Wataalamu wamepima jambo hili. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka katika mashindano ya mbio kule Boston, Marekani. Wataalamu waliuliza watu zaidi ya 4,000. Wakaona ya kuwa watu waliofwata habari za mabomu saa 6 ao zaidi kila siku, katika juma lile la kwanza, walieleza hangaiko kubwa kuliko watu waliokuwa pale pale penye mabomu. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2014. Tuyafikiri vizuri. Haisemwi kwamba aliyeona kwa macho hakuumia. Inasemwa kwamba habari ikirudiliwa bila mwisho inaweza kumjeruhi hata mtu aliye mbali na damu.

3. NAMNA YA KUPOKEA HABARI

Wengine watasema: basi tuzime telefoni, tufunge masikio. Hapana. Mtu mwenye mama Goma hawezi kufunga masikio, wala raia mzuri hapashwi kukosa kujua mambo ya inchi yake. Tena ukosefu wa habari nao ni mzigo. Tunakumbuka kwamba tarehe 31 Desemba 2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yetu kwa siku karibu 20. Watu hawakutulia kwa sababu hiyo. Radio trottoir, ile radio ya barabarani isiyo na mtambo, iliongea zaidi.

Kwa hiyo hatusemi kufunga mlango. Tunasema kuweka mlinzi mlangoni. Mlinzi huyo ana kazi tatu.

a) Anaweka saa. Mara mbili kwa siku zinatosha: kwa mfano nyuma ya masomo, na mbele ya chakula cha magaribi. Si asubuhi mbele ya kunawa uso, wala si kitandani. Kijana wa miaka yetu anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Habari ya saa 5 ya usiku itakuwa ingali pale kesho. Lakini usingizi uliopotea hautarudi ukukute kwenye interro.

b) Anauliza maulizo. Nani anasema? Aliona kwa macho, ao alisikia? Ni wapi, na ni siku gani? Picha hii ni ya leo, ao ni ya vita vya zamani, hata ya inchi nyingine? Kama habari inaanza na «tuma kwa watu wote upesi», hapo ndipo pa kusimama. Tafuta kwingine kama inasemwa. Radio Okapi, kwa mfano, inasema tangu Februari 2002 kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Na afadhali kusikiliza kuliko kutazama picha. Sauti inaleta habari, haileti maiti machoni.

c) Anazuia mkono. Usitume picha ya maiti. Yule maiti ni mtoto wa mtu, na pengine mama yake yuko katika kundi lile la WhatsApp.

Kwa wenye jamaa katika mahali pa vita tunashauri hivi: jamaa wachague mtu mmoja wa kupiga simu na saa moja ya kupiga, halafu huyo awapashe wengine. Namna hii mega na inite zinatunzwa, na kila mtu hakai akitazama telefoni mchana kutwa. Wakati simu haipiti, tukumbuke kwamba mara nyingi ni mtandao uliokatika ao betri iliyokufa. Kimya cha telefoni si habari ya kifo.

4. KWA WALE WANAOPIGANIA HAKI

Kati yetu wako vijana wasiotaka kusikia habari tu. Wanataka kufanya kitu. Hilo ni jambo jema. Sheria yetu kubwa ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 26, inahakikisha uhuru wa kuandamana, kwa kuwajulisha watawala kwanza kwa maandiko. Vijana wa LUCHA walianza Goma mwaka 2012 kwa kudai maji na kazi, pasipo fujo. Tunajua pia gharama yake: Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa mwezi wa Machi 2015, wakaachiliwa mwisho wa Agosti 2016. Ni karibu mwaka mmoja na nusu wa maisha ya kijana.

Kwa hiyo anayeingia katika kazi hii aingie kama mtu anayetembea safari ndefu, si kama anayekimbia mita 100. Mwaka 1974 daktari Herbert Freudenberger, aliyefanya kazi pamoja na watu wa kujitolea katika kliniki ya bure kule New York, aliandika juu ya ugonjwa aliouona kwao: walianza na moto mwingi, halafu wakaisha kama mshumaa. Walikuwa wanachoka, wanakasirikia hata wale waliokuja kuwasaidia. Aliona kwamba wenye moyo sana ndio wanaoungua upesi, kwa sababu hawajui kusema «leo basi».

Hapo tunasikia neno la wanafunzi wengine: «Namna gani nicheze mpira, na ndugu zangu wako wanalala chini ya mahema?» Hili ni neno zito, lisichekwe. Lakini tutazame wafungwa wa Robben Island, Afrika ya Kusini. Walikuwa wanavunja mawe, inchi yao ilikuwa chini ya ubaguzi. Waliomba ruhusa ya kucheza mpira, wakakataliwa, wakaomba tena, mpaka wakaipata. Mwisho wa miaka ya 1960 walikuwa na chama chao, Makana Football Association, chenye timu, marefa na kanuni za FIFA. Mwaka 2007 FIFA ilikipa chama hicho uanachama wa heshima. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Dikgang Moseneke, aliyefungwa akiwa na miaka 15. Katika gereza alicheza, tena alisoma mpaka akapata diploma zake. Mwaka 2005 akawa msaidizi wa jaji mkuu wa inchi yake.

Huyu anajibu ulizo la yule aliyesema «nisome juu ya nini». Wafungwa wale hawakucheza kwa kusahau mapigano. Walicheza kusudi mapigano yasiwamalize. Na Moseneke hakusoma kwa sababu inchi ilikuwa nzima. Alisoma kwa sababu siku moja inchi itahitaji watu wanaojua sheria. Kongo nayo itahitaji waganga, wajenzi na waalimu, na hao watatoka wapi kama sisi tumelala juu ya deski?

Kwetu tuna mfano wa Daktari Denis Mukwege wa Panzi. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1999. Mwezi wa Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani, akakimbilia ng'ambo pamoja na jamaa yake. Alirudi Januari 2013, na kati ya waliomwita ni wamama wa Idjwi waliouza matunda kusudi wapate pesa za tikiti yake. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Tunaona mambo mawili. Mtu hodari naye alikimbia hatari. Kukimbia hakukuondoa uhodari wake. Tena hakubeba kazi peke yake: wauza matunda walimbeba.

Hata nabii Eliya, nyuma ya siku kubwa ya mlima Karmeli, alikimbia, akakaa chini ya mti, akaomba kufa. Tusome vizuri 1 Wafalme 19. Hakugombezwa. Hakupewa mahubiri. Alipewa mkate na maji, akalala. Akaamshwa, akala tena. Nyuma ya hayo tu akapewa safari, halafu akaulizwa mambo yake, halafu akaambiwa kwamba hakubaki peke yake, akapewa Elisha wa kumsaidia. Chakula, usingizi, mazungumzo, wenzake. Mpangilio huo ungali mzuri mpaka leo.

Kwa vijana wa maandamano, basi, tunaandika shauri fupi. Usiende bila wazazi kujua. Usiende peke yako. Usichukue jiwe. Mupatane mapema nani atakaa nyumbani akijua majina yenu. Nyuma ya kazi, mukutane, muongee yale muliyoona, usiyapeleke kitandani. Mugawane zamu, huyu leo, yule kesho. Aliyepumzika si msaliti. Kamba hukatikia pembamba, na mapumziko ndiyo yanayoinenepesha.

5. MWENZAKO WA DESKI SI ADUI

Sasa turudi kwa neno tuliloliacha. Woga ukikosa pa kwenda unatafuta mtu wa kumwangukia. Aliye katika Kinshasa, Kigali ao Washington hatumfikii. Lakini mwenzetu wa deski la pili tunamfikia. Ndivyo mtoto aliyezaliwa hapa, aliyepanda miti ya shule pamoja nasi, anaitwa kwa jina la jeshi lisilo lake. Na tunajua mwisho wa njia hiyo. Tumeona mwaka 1994 ngambo ya ziwa, ambako radio moja ilifundisha watu kuwaita majirani wao wadudu mbele ya kuwaua. Maneno yalitangulia, mapanga yakafwata.

Kwa hiyo, kumlinda mwenzako ni sehemu ya kujitunza. Moyo unaochukia mchana kutwa haupumziki usiku. Ukisikia neno la kumchafua, usicheke hata kwa haya. Sema tu: «Tuachie mwenzetu.» Kaa naye kwenye chakula. Na wewe unayetazamwa hivyo, usikae kimya kwa kuogopa. Mwambie Prefe ao mwalimu unayemwamini. Shule inapashwa kukusikiliza.

6. MPANGO WA SIKU

Tunatoa mpango mdogo usioomba franga hata moja.

Asubuhi: nawa, kunywa maji, sema neno jema kwa mtu mmoja mbele ya kugusa telefoni.

Mchana: habari mara moja, dakika 20. Halafu kazi ya mikono: kufagia, kulima bustani ya shule, kuchota maji. Misuli ikifanya kazi, ule mpango wa kukimbia nyoka unamalizika, mwili unatulia.

Ukishikwa na woga: kaa, weka miguu yote miwili chini. Vuta pumzi ukihesabu mpaka 4, toa polepole ukihesabu mpaka 6. Fanya mara kumi. Kutoa pumzi polepole kunapunguza mbio za moyo. Halafu taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: deski, dirisha, ndoo, mti, mwenzako. Hivyo unarudi mahali ulipo.

Magaribi: habari mara ya pili, kula sombe yako hata kama ni kidogo, ongea na mtu, imba na wenzako. Telefoni ilale mbali na kitanda.

Kila juma: siku moja bila habari, na jambo moja la kusaidia. Sahani moja ya unga kwa jamaa waliokimbia, ao kumrudilia mtoto wao masomo aliyoyakosa. Tendo dogo linatoa mtu katika hali ya kutazama tu.

7. WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Kuna uchovu unaopita pumzi na mpira. Kama mtu halali majuma mawili, kama anaona usiku yale aliyoyaona vitani, kama hataki kula wala kuongea, kama anasema afadhali afe, asiachwe peke yake hata kidogo. Mwambieni mkubwa siku ile ile: mzazi, muuguzi, mwalimu, mchungaji. Kueleza si kumchongea, ni kumwokoa. Wala si pepo, wala si ukosefu wa imani. Panzi hawatibu mwili tu. Kuna wanaotunza roho iliyojeruhiwa, kuna wanasheria, kuna wanaomfundisha mtu kazi ya kumkomboa. Kama hospitali kubwa imeona kwamba kidonda cha moyo kinahitaji mtunzaji, sisi ni nani tukidharau?

Na ninyi walimu wapenzi, somo hili ni lenu pia. Mwalimu aliyekaa miezi bila mshahara, naye ana jamaa Bukavu, anaingia darasani na mzigo wake. Wanafunzi tumwombee na tumheshimu. Naye asione haya kumwambia mwenzake katika chumba cha walimu: leo nimechoka.

MAULIZO YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Taja dalili tatu za mtu aliyechoka na habari. Umeziona kwako?
2. Kwa nini mwili unashindwa kutulia mtu akitazama picha za vita kitandani?
3. Chukua habari moja uliyoipokea juma hili kwa telefoni. Iulize maulizo ya mlinzi. Inabaki nini?
4. Wafungwa wa Robben Island walipata faida gani katika mpira? Ni nini kingefanya kazi hiyo katika shule yetu?
5. Ni nani katika darasa letu anayekaa peke yake siku hizi? (Jibu hili musiliandike. Mwendee.)

Vikundi vitakavyojibu ulizo la tatu kwa maandiko vipeleke karatasi kwa kamati ya bulletin mbele ya Ijumaa. Tutachapa mazuri katika namba ifwatayo. Mulale vizuri.